Kumpima mwendo aliyeumia ubongo: kuanzia kitandani hadi barabarani

Kijana alikuwa dereva wa bodaboda, umri miaka 24, wiki ya tisa tangu ajali. Alikatiza chumba cha mazoezi mbele yangu bila fimbo, mgongo umenyooka, na mama yake aliyekuwa kwenye benchi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilimpima mita 6 za katikati ya njia ya mita 10: sekunde 5 na nusu, mwendo unaotosha kuzunguka mtaani. Nikamwomba arudi njia ile ile, safari hii akinieleza atamrudishia chenji kiasi gani abiria aliyetoa noti ya elfu kumi kwa safari ya elfu tatu na mia tano.

"Namrudishia..." Akasimama. Miguu imeganda sakafuni, macho yako darini, midomo inahesabu. Nilipomwambia, "Endelea kutembea, mdogo wangu," akatembea, na hesabu ikapotea.

Asubuhi hiyo mama alikuwa ameniuliza: "Daktari, si sasa anaweza kurudi kazini?"

Mwongozo huu umetoka kwenye swali hilo. Nauandika kwa wenzangu wa fiziotherapia walio hospitali za wilaya na mikoa, kwa wanafunzi walioko kwenye mafunzo ya vitendo, na kwa ndugu wanaouguza nyumbani wanaotaka kuelewa kwa nini tunampima mtu ambaye "si anatembea huyo". Wengi wa wagonjwa hawa ni vijana walioumia barabarani. Misuli yao ina nguvu na mara nyingi miguu hurudi mapema. Umakini, kumbukumbu na uwezo wa kujijua huchelewa. Ukipima miguu peke yake utamruhusu mtu ambaye bado hajawa tayari, na barabara haitamsubiri amalize kufikiri.

Anza na faili, kabla ya kumgusa

Tafuta alama za fahamu alizopata siku ya kwanza kwa kipimo cha Glasgow, kile cha mwaka 1974 kinachoanzia 3 na kuishia 15. Alama 13 hadi 15 huhesabiwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka chini jeraha kubwa. Angalia pia alikaa siku ngapi bila kukumbuka mambo ya jana yake. Kipindi hicho kikiwa kirefu, jiandae kwa safari ndefu.

Kisha soma upasuaji. Kama kipande cha fuvu kimetolewa na hakijarudishwa, upande huo ubongo una ngozi tu juu yake. Mgonjwa huyo hasimamishwi bila kofia ngumu, na vipimo vya kuruka na kukimbia havimhusu hadi daktari wa upasuaji aseme. Weka alama kubwa juu ya faili ili hata atakayekushikia zamu aione.

Dawa zisome moja moja. Hapa kwetu wengi hupewa fenitoini kuzuia degedege, na fenitoini ikizidi mwilini humfanya mtu ayumbe kama mlevi, macho yakichezacheza. Nimewahi kuhangaika wiki nzima na mazoezi ya kusimama kwa mgonjwa ambaye tatizo lake lilikuwa dozi. Dawa za usingizi na za kulegeza misuli nazo hubadilisha matokeo, kwa hiyo andika alizinywa saa ngapi.

Jambo la mwisho kwenye faili ni majeraha ambayo hayamo kwenye faili. Mtu aliyeletwa akiwa hana fahamu hakuweza kusema goti linauma. Wote walikuwa wanatazama kichwa. Mfupa wa bega, kifundo cha mkono, mifupa midogo ya mguu na kano za goti hugundulika wiki kadhaa baadaye, siku ya kwanza anaposimama na kukunja uso. Kwa hiyo shika na ubonyeze kila kiungo, hata kama picha ya eksirei imeandikwa haina tatizo, kwa sababu huenda ilipigwa ya kifua na shingo tu.

Vifaa, mahali na saa

Unahitaji futi kamba, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, chaki au utepe wa rangi, kiti chenye mikono ambacho kalio lake liko kama sentimita 46 kutoka chini, kiti kingine kisicho na mikono, stuli ya kukanyagia, rula, tofali moja na mashine ya presha. Mkanda mpana wa kumshikia kiunoni ni muhimu. Usipokuwa nao, kanga iliyokunjwa mara kadhaa na kufungwa vizuri inatosha, mradi uishike kwa chini, vidole vikitazama juu. Usimshike mkono au kwapa. Akianguka utalitegua bega lake.

Chagua saa na uishikilie. Uchovu wa ubongo ulioumia si uchovu wa mguu: saa 3 asubuhi anaweza kufanya kila kitu, saa 8 mchana hata kuvaa ndala ni kazi. Ukimpima leo asubuhi na wiki ijayo mchana, utadhani amerudi nyuma. Viatu navyo viwe vile vile. Mtu aliyepimwa na ndala wiki iliyopita na raba wiki hii hujampima mara mbili, umepima watu wawili.

Siku ya kwanza tumia chumba kimya, mlango umefungwa, ndugu mmoja tu. Kelele tutazihitaji baadaye, kwa makusudi.

Je, leo anapimika?

Wataalamu wengi hutumia ngazi za Rancho Los Amigos, zilizotoka California, kuelezea hali ya akili inavyorudi. Zilikuwa 8, baadaye zikaongezwa kufika 10. Ngazi ya 4 ndiyo inayowatisha ndugu zaidi: mgonjwa ameamka lakini amechanganyikiwa, anavuta mpira wa mkojo, anatukana, anataka kushuka kitandani aende. Hapo usimlazimishe kipimo chenye masharti. Kaa mbali kidogo, tazama na uandike anachofanya mwenyewe: anageuka upande gani, anaukunja mguu upi, anakaaje bila kuambiwa. Taarifa hizo ni za kweli kuliko utakazopata kwa kumshika kwa nguvu.

Akifika ngazi ya 5 au ya 6 anaweza kufuata amri rahisi. Toa amri moja, maneno machache, kisha nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Wengi wetu tunakosea hapa. Tunasema "inuka, twende, haya inuka, weka mguu, inuka baba" ndani ya sekunde tatu, halafu tunaandika "hafuati maelekezo". Mwonyeshe kwa kitendo. Mwongeleshe kwa lugha ya nyumbani kwao. Kama mama yake anamwita kwa Kisukuma, mwombe mama atoe amri, kisha uandike kwamba amri ilitolewa hivyo.

Kabla ya kila kipimo muulize: "Unadhani utaweza?" Andika jibu lake, halafu andika kilichotokea. Mgonjwa anayesema ataweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, akaangukia mikononi mwako kwenye sekunde ya 2, kisha akasema "nimeweza", amekupa taarifa kubwa kuliko zile sekunde mbili. Huyo usimwache peke yake chooni hata kama miguu yake ni imara.

Kitandani

Anza na presha. Mpime akiwa amelala dakika 5, kisha baada ya kukaa au kusimama, dakika ya 1 na dakika ya 3. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kizunguzungu chake kina maelezo, na siku hiyo hatua zinazofuata ziende taratibu au ziahirishwe.

Mwache ageuke kulia, ageuke kushoto, ainuke akae ukingoni, wewe ukiwa umesimama karibu bila kumgusa. Msaada uupime kwa kiasi cha kazi anayoifanya yeye: kama anafanya robo tatu au zaidi, msaada ni mdogo; nusu hadi karibu robo tatu, wa kati; robo hadi karibu nusu, mkubwa; chini ya robo, wewe ndiye unayefanya. Neno "anasaidiwa" peke yake halimwelezi chochote muuguzi wa usiku.

Nguvu ipime kwa alama 0 hadi 5 kama ulivyozoea. Ukakamavu wa misuli uupime kwa kipimo cha Ashworth kilichorekebishwa, 0 hadi 4 na ile alama ya 1+ katikati. Kikunje na kukinyoosha kiungo kwa muda wa kama sekunde moja. Kisha rudia polepole sana. Kama kwa haraka kinagoma na polepole kinakwenda, huo ni ukakamavu unaotoka kwenye ubongo. Kama polepole nako kinagomea pale pale, msuli umeshafupika. Kifundo cha mguu ndicho huharibika wa kwanza: mgonjwa amelala wiki nne, nyayo zimeelekea chini, na siku ya kusimama kisigino hakigusi sakafu. Pima nyuzi za kifundo hicho tangu wiki ya kwanza.

Nyonga, goti au kiwiko kikiwa cha moto, kimevimba na kila siku kinapungua kukunjika, acha kukivuta. Baada ya jeraha la ubongo mfupa unaweza kuota ndani ya nyama kuzunguka kiungo. Hiyo ni kazi ya picha na daktari. Ndama iliyovimba upande mmoja na kuuma nayo isikandwe, kwani yaweza kuwa damu imeganda mshipani.

Uratibu upime kwa kidole puani na kisigino kushuka kwenye muundi. Macho usiyasahau. Simama mbele yake, chezesha vidole vyako pembeni, kwanza upande mmoja, kisha pande zote mbili kwa pamoja. Anayekosa vidole vya kushoto pale tu pande zote zinapocheza atagonga bega la kushoto kwenye kila fremu ya mlango, na wala hatajua kwa nini. Muulize pia kama anaona vitu viwili viwili.

Kizunguzungu kinachokuja akigeuka kitandani na kuisha ndani ya dakika moja mara nyingi hutoka kwenye sikio la ndani, ambako chembe ndogo zimehama mahali pake kwa mshtuko wa ajali. Kinapimika, na kinatibika kwa kumlaza na kumgeuza kichwa kwa mpangilio maalumu. Hakikisha tu shingo yake imeshathibitishwa kuwa salama. Wapo wanaoambiwa "ndiyo ajali ilivyo, utazoea" kwa miezi, na dawa yao ni dakika chache.

Kukaa, kuinuka, kusimama

Hapa kipimo cha Berg ndicho tegemeo. Kilitengenezwa Kanada mwishoni mwa miaka ya 1980. Kina vipengele 14, kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 56: kuinuka kitini, kusimama dakika 2 bila kushika, kuhama kiti, kufumba macho sekunde 10, kunyoosha mkono mbele, kuokota kitu chini, kutazama nyuma juu ya bega, kuzunguka duara zima, kupandisha miguu kwenye stuli kwa zamu, kusimama mguu mbele ya mguu, na mwisho mguu mmoja. Vifaa vyote unavyo tayari.

Wakati wa kupima, jizuie kumsifia na kumkumbusha. Akisahau amri katikati, hilo ni tokeo, liandike. Alama chini ya 45 zimezoeleka kama dalili ya hatari ya kuanguka, lakini mpaka huo ulitokana na wazee. Kijana wa miaka 20 anaweza kupata 56 kati ya 56 na bado akashindwa kushuka kwenye daladala. Akishafika 50 na kitu, Berg imemaliza kazi yake kwake. Endelea mbele.

Kutembea

Kwanza tazama bila saa. Mwache aende na kurudi mara mbili, wewe ukimfuata nyuma kidogo upande ulio dhaifu. Angalia mguu unaoburuzwa vidole, goti linalorudi nyuma, mkono usiochezeka, hatua zilizoachana kama za mtu aliye mashuani. Kisha chora mita 10. Weka alama kwenye mita ya 2 na ya 8, anza saa mguu wa kwanza unapovuka ya 2, simamisha unapovuka ya 8. Gawa 6 kwa sekunde ulizopata. Rudia mara 3 kwa mwendo wake wa kawaida, uchukue wastani, kisha mara 3 kwa haraka anavyoweza salama.

Mita 0.4 kwa sekunde kushuka chini, huyo ni wa kutembea ndani ya nyumba. Kati ya 0.4 na 0.8, anaweza kutoka kidogo. Juu ya 0.8, anazunguka mtaani. Mipaka hiyo ilitokana na wagonjwa wa kiharusi, kwa hiyo mimi huifasiri kwa barabara iliyo mbele ya nyumba yake. Lami ya njia mbili yenye upana wa mita 7, kwa mwendo wa mita 0.7, inavukwa kwa sekunde 10. Ndani ya sekunde hizo pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa imekula karibu mita 140. Nikiwaeleza ndugu hivyo, wanaelewa kwa nini sitaki atumwe dukani ng'ambo ya pili.

Inuka-Uende, ambacho wengi tunakiita TUG, ni cha mwaka 1991 na ni rahisi: anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anaketi. Saa inaanza unaposema "nenda" na kuisha mgongo ukigusa kiti. Tazama pale pa kugeuka kuliko sekunde zenyewe. Mtu anayegeuka kwa hatua ndogo sita saba, au anayeanza kuketi kabla hajafika kitini, ndiye anayeanguka chooni.

Kutembea dakika 6 kwenye korido ya mita 30 kunapima stamina. Fanya siku nyingine, akiwa hajachoka, na pima mapigo ya moyo kabla na baada.

Mwili na akili kwa pamoja

Ukiweza kuongeza kipimo kimoja tu kwenye utaratibu wako, ongeza hiki. Mpime TUG ya kawaida. Mketishe, umpe kazi ya akili peke yake kwa sekunde 20 na uhesabu majibu sahihi. Kisha vyote pamoja.

Vitabu husema ahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu kuanzia mia. Kwa aliyeishia darasa la nne hicho ni kipimo cha shule, si cha ubongo. Tafuta kazi iliyoko maishani mwake. Mvuvi anitajie aina za samaki, mama lishe vitu anavyonunua sokoni kwa pishi moja la wali, kondakta ataje vituo kutoka mwisho kurudi mwanzo. Siku za wiki kinyumenyume zinafaa karibu kila mtu. Muhimu kazi iwe ile ile kila unapompima.

Tofauti ihesabu hivi: sekunde za pamoja, toa sekunde za peke yake, gawa kwa za peke yake, zidisha kwa 100. Aliyetumia sekunde 10 peke yake na 14 akitaja samaki, amepungukiwa kwa asilimia 40. Andika na majibu: kama mwendo haukupungua lakini samaki walikwisha baada ya changu na kibua, ubongo ulichagua miguu ukaacha akili. Anayesimama kabisa ili ajibu, kama kijana wetu, andika "alisimama" pamoja na sekunde. Kisha rudia akiwa amebeba kikombe kilichojaa maji. Na sasa zile kelele: fungua mlango, washa redio, watu wapite. Mwambie atembee akigeuza kichwa kulia na kushoto kila hatua tatu, kama anayevuka barabara.

Kwa wanaotembea vizuri: HiMAT

HiMAT ni kipimo cha mwendo wa kiwango cha juu. Kilitengenezwa Australia na Gavin Williams na wenzake, kikachapishwa mwaka 2005, na kilibuniwa kwa ajili ya walioumia ubongo hasa. Kina vipengele 13, jumla alama 54: kutembea, kurudi nyuma, kutembea kwa vidole, kuruka tofali kwa hatua, kukimbia, kurukaruka kwa miguu ya zamu, kuruka kwa mguu mmoja, kuruka mbele kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kupanda na kushuka ngazi. Anayepimwa awe anaweza kutembea mita 20 bila fimbo. Ngazi zinazotakiwa ni 14. Hospitali isiyo na ghorofa itumie toleo fupi la vipengele 8, jumla alama 32, lisilo na ngazi.

Mpe jaribio moja la mazoezi kwa kila kipengele. Kimsingi, ongezeko la alama 4 au upungufu wa alama 2 katika kipimo kizima ndivyo huhesabika kama badiliko la kweli, kidogo kuliko hapo huenda ni siku tu. Ninachokipenda ni kwamba kijana hukitaka. Mtu aliyechoka kuambiwa "inuka, kaa" akiambiwa akimbie, uso hubadilika. Mwenye fuvu lililo wazi, mwenye mfupa ambao haujaunga, na aliyepata degedege karibuni, hawa wasubiri.

Kile ambacho hakimo kwenye fomu

Hakuna kipengele cha Berg kinachouliza kuhusu choo cha kuchuchumaa. Mgonjwa wetu wa kwanza niliyempeleka nyumbani na alama nzuri alirudishwa baada ya siku nne, amepasuka nyusi. Kosa lilikuwa langu. Nilimpima kuinuka kutoka kiti cha sentimita 46, naye choo chake kiko sentimita sifuri, gizani, sakafu imelowa, na mkono mmoja umeshika kopo.

Tangu siku ile nina orodha yangu, na ninaipima kwa alama zile zile za kiasi cha msaada. Kuchuchumaa sekunde 30 visigino vikiwa chini, kisha kuinuka bila kushika ukuta. Kushuka mkekani na kuinuka. Anayeswali, afanye rakaa mbili nikimwangalia: kutoka kurukuu hadi kusujudu kichwa kinashuka na kupanda ghafla, na hapo kizunguzungu kilichojificha hujitokeza. Akishindwa, aswali ameketi kwa muda, na wengi hufarijika wakiambiwa hivyo mapema. Kubeba ndoo, naanza na lita 5, mita 10, nikitazama kama anayumba upande wa ndoo au upande mwingine. Kupanda kidaraja cha kwanza cha daladala, ambacho mimi nakiiga kwa stuli mbili zilizofungwa imara. Kutembea mchangani na kwenye kokoto nyuma ya wodi. Kutembea taa ikiwa imezimwa, nimeshika mkanda, kwa sababu umeme hukatika na mtu aliyetegemea macho kujua alipo huanguka hapo hapo.

Muulize ndugu maswali ya kawaida: maji yako wapi, choo kiko hatua ngapi, mlangoni kuna kizingiti, usiku nani analala karibu naye. Akikupa picha kwenye simu, bora zaidi.

Kuandika, na kurudia

Rudia vipimo vile vile kila wiki akiwa wodini, kila wiki 4 akiwa anatokea nyumbani. Namba zina kazi nyingine ambayo nilijifunza kwa mgonjwa mmoja wa kike, miaka 40 na kitu. TUG yake ilikuwa sekunde 14. Wiki tatu baadaye ilikuwa 22, hatua fupi, miguu kama imenatishwa sakafuni. Mumewe alisema amekuwa mvivu, na kwamba siku hizi mkojo unampotea. Kwa macho matupu ningemwongezea mazoezi. Sekunde nane zile zilinifanya nimwite daktari, na kipimo cha CT kikaonyesha maji yamejaa ndani ya ubongo. Aliwekewa mrija wa kuyatoa, na mwezi uliofuata alirudi kwenye sekunde 13.

Kwa hiyo anayerudi nyuma mpeleke kwa daktari kwanza, mazoezi baadaye. Na zipo dalili zisizosubiri hata namba: maumivu ya kichwa yanayoongezeka, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni za macho zisizolingana, degedege, udhaifu mpya, au maji maangavu yanayotoka puani au sikioni. Acha kipimo, mpeleke saa hiyo hiyo.

Karatasi ya kijana wetu, wiki ya tisa, ilisomeka hivi:

*Saa 3 asubuhi, raba, bila fimbo. Presha haikushuka akisimama. Berg 54. Mita 6 kwa sekunde 5.5. TUG sekunde 9. Akihesabu chenji sekunde 17, alisimama mara 2, jibu halikupatikana. Alisema kabla kuwa "haitanisumbua". Kuchuchumaa na kuinuka peke yake. Gizani aliyumba, mkanda ulivutwa mara 1. Kugeuza kichwa akitembea: anakwenda kushoto. Anaweza kwenda msikitini na dukani upande huu wa barabara akiwa na ndugu. Pikipiki hapana, wala kukaa kijiweni na funguo za mwenzake. Mama ameelezwa, na mgonjwa mwenyewe ameelezwa mbele ya mama. Arudi baada ya wiki 4, saa 3 asubuhi, raba zile zile. Nitamuuliza chenji ya elfu kumi kwa safari ile ile.*